Msiba Usio na Daftari

Baba Paroko, wazee wa pande zote mbili, majirani zetu wa Temeke, wafanyakazi wenzake na marehemu, na ninyi nyote mliofika kwa ajili yake, naomba mkae hapo hapo mlipopata kivuli, nisome historia ya mume wangu, Kasimiri Fransis Chilumba, ambayo kwa desturi ingesomwa na mdogo wake, Polikarpo, lakini Polikarpo koo limemkauka tangu jana, na wengine wawili walioombwa nao makoo yamewakauka, kwa hiyo nasoma mimi Eufrazia, niliyeiandika.

Marehemu alizaliwa Jumapili, tarehe 4 Machi 1934, katika kijiji kilicho karibu na misheni ya Ndanda, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Fransis Chilumba, seremala wa misheni, na mama Yuliana, na kwa kuwa siku hiyo ni ya Mtakatifu Kasimiri, hapakuwa na mjadala juu ya jina lake. Alianza shule mwaka 1942, akaendelea na shule ya kati, akamaliza darasa la kumi Desemba 1952, na walimu wake walimwandikia kwenye cheti kuwa ni kijana mtiifu anayeuliza mno, cheti hicho ninacho.

Tarehe 2 Machi 1953 aliajiriwa karani katika ofisi ya wilaya, Lindi, na kazi yake kwa miaka tisa ilikuwa kupanga amri za Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, kwenye mafaili, kila amri na kifungu cha sheria kilichoiruhusu, na amri ambayo haikuandikwa kifungu aliirudisha mezani ilikotoka, hata kama mwenye meza alikuwa Mzungu mwenye hasira. Hapo ndipo alipookota lile swali lake ambalo ninyi mliofanya naye kazi mnalijua, na sisi wa nyumbani tulikula nalo, tukalala nalo, kwamba kwa kifungu gani. Nikiwaambia watoto wakaoge, mwanangu Fransis alikuwa ananijibu, "Kwa kifungu gani, mama?", nami namjibu kwa kifungu cha mwiko, na baba yao anacheka hadi miwani inamdondoka.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 26 Novemba 1960, katika kanisa la Ndanda, tukajaliwa watoto wanne, Margareta mwaka 1961, Fransis mwaka 1964, Bernadeta mwaka 1967 na Kornelio mwaka 1971, wote wako hapa mbele na wote wanasoma. Baada ya Uhuru, mwezi Juni 1962, alihamishiwa Dar es Salaam kwenye mambo ya serikali za mitaa, tukapanga Buguruni vyumba viwili, kisha mwaka 1966 tukajenga hapa Temeke. Mwaka 1967, akiwa mtu mzima wa miaka thelathini na mitatu, alichaguliwa kuingia Chuo Kikuu kusoma sheria, akamaliza mwaka 1970, akabakizwa kufanya utafiti juu ya sheria na utawala wa mikoa, na mwaka 1973 akajiandikisha kwa shahada ya juu, shahada ambayo hakuipata, na sababu yake nitaieleza, maana imekuwa ikielezwa na watu wasioijua.

Majirani hawakuingoja hiyo shahada, walimwita dokta tangu siku ya kwanza, na mama mmoja wa mtaa wa pili alimletea mtoto anayechemka homa, marehemu akamwambia, "Mama, mie dokta wa sheria, tena bado," naye akajibu, "Basi ishtaki hii homa, baba, tupate nafuu," ikabidi marehemu ambebe mtoto yule kwa baiskeli hadi zahanati.

Utafiti wake ulihusu watu kuhamia vijijini. Sitasema alichoandika, mimi si mwanasheria, nasema tu alichouliza, nacho ni kwamba siku watu walipohamishwa, nani alitoa amri, karatasi gani ilisomwa, na kati ya lori na sheria kipi kilitangulia kufika. Aliyaamini mambo ya Ujamaa, alikuwa na kadi ya chama na alilima shamba la pamoja kila Jumamosi, na alisema kuwa jambo jema linastahili karatasi yake, lisije likaonekana limeibwa.

Mwezi Julai 1974 alichagua kitongoji kimoja cha ndani, njia ya Kimbiji, ambacho sitakitaja, akawaandikia barua kwamba atafika tarehe 15 kuwahoji wakazi. Chuoni neno kuhoji ni neno la kazi, halina ubaya, lakini kule kuhojiwa ni kuhojiwa, mtu anayajua makalio yake yalivyokaa kwenye benchi la kituo, kwa hiyo alipofika na baiskeli alikuta milango iko wazi, ugali unafuka moshi chunguni, na watu wote wamekimbilia msituni, isipokuwa bibi mmoja ambaye miguu haikumruhusu. Bibi huyo alimwangalia na makaratasi yake, akamwambia, "Mie wa kunihoji ni Munkari na Nakiri, kaburini, na bado hawajaniita, wewe mwanangu umetumwa na nani?" Marehemu akampa shikamoo, akakaa chini mchangani, akamwuliza angesemaje basi, na bibi akasema, "Sema umekuja kupiga soga, mbona soga tunayo tele."

Tangu siku hiyo hakuhoji tena mtu, alipiga soga, na watu wakarudi mmoja mmoja, wakafika sitini na wanne kwa miaka miwili. Utaratibu wa utafiti ni kuwaandika watu kwa namba, majina yasionekane, lakini bibi yule alikataa, akasema namba hupewa mfungwa na ng'ombe wa mnada, yeye ana jina na baba yake alimchinjia mbuzi kulipata, na wenzake waliposikia nao wakasema andika na langu. Ndipo marehemu alipotenga daftari moja la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, akaandika humo namba na jina lake, moja hadi sitini na nne, kwa sababu wenyewe walitaka. Hilo ndilo kosa lake, na kama mtu anaweza kuliita kosa, mimi nimelifikiria sana na bado sijui.

Jumamosi, tarehe 13 Novemba 1976, saa tisa alasiri, walikuja vijana wawili wenye mashati yaliyopigwa pasi, wakanipa shikamoo vizuri, wakaomba maji, wakamwambia marehemu kuwa wamesikia ana daftari na wangependa kuliazima. Hawakusema wametoka ofisi gani, naye akawauliza lile swali lake, nao wakacheka, mmoja akamwambia, "Mzee, sie tumekuja kwa kifungu cha urafiki," nami nikampokea marehemu kikombe mkononi. Wiki hiyo hiyo msimamizi wake wa masomo alimtaka alilete daftari hilo hilo lihakikiwe, pasipo hivyo kazi isingepokelewa, na kwa desturi ya kitaaluma alikuwa na haki, lakini marehemu hakujua tena daftari likitoka mkononi mwake litaishia meza gani, akamjibu kwa barua ya tarehe 2 Desemba kuwa halitoi, na shahada ikaishia hapo, kwa barua yake mwenyewe.

Kuanzia siku hiyo nyumba yetu ilikuwa ya watu wanaosikiliza. Gari likipunguza mwendo barabarani, kijiko kilisimama njiani kwenda mdomoni, na marehemu akapunguza kula, akaacha kwenda njia ya Kimbiji ili asionekane akielekea huko, akaacha hata kusalimiana na muuza mihogo sokoni Buguruni kwa kuwa alikuwa mtu wa upande ule. Jumamosi, tarehe 22 Januari 1977, vijana wale walirudi wakati sisi wawili hatupo, wakakaa barazani na Bernadeta, mwenye miaka tisa, wakamsifia mwandiko, wakamwuliza baba anaweka wapi madaftari yake, na mtoto akawajibu, "Kwetu madaftari mengi kuliko mchele, nyie mnataka lipi?" Watu wamelicheka jibu hilo. Baba yake hakucheka, alimkalisha miguuni pake hadi jua likazama, na mimi kuanzia kesho yake nikawa nawapeleka watoto shule na kuwarudisha, kwa miguu, mara mbili kwa siku.

Jumatatu, tarehe 31 Januari, asubuhi, akinawa uso, alianguka. Daktari alisema ni kiharusi kilichotokana na shinikizo la damu, nami nayaandika kama alivyosema, siongezi. Mkono na mguu wa kulia vilikufa, na maneno yakapotea, mtu aliyekuwa akiuliza hata watakatifu akawa hawezi kuomba maji.

Sasa nasema habari ya daftari, na naisema hapa mchana, mbele ya Baba Paroko na mbele ya watu, ili asiwepo wa kuja kuniuliza faragha. Lilikuwa nyumbani kwangu, ndani ya debe, chini ya kunde, mahali ambapo mwanamume hatafuti kitu. Alhamisi, tarehe 10 Februari, nililifunga ndani ya kanga, nikaenda nalo hospitali saa ya kutazama wagonjwa, nikaliweka chini ya mkono wake wa kushoto. Alilitambua kwa kulipapasa. Nikamwuliza, nilichome? Humo mlikuwa na miaka miwili ya kazi yake, na bila hilo yale makaratasi mengine ni hadithi tu, hayana mwenyewe, alinifundisha hivyo mwenyewe. Akalisukuma kuja kwangu. Nikamwuliza tena, nisije nikakosea, akalisukuma tena, ndipo nikamwambia, "Kwa kifungu gani?", naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo, na ndicho kicheko chake cha mwisho.

Siku hiyo hiyo, saa kumi jioni, nililichoma jikoni kwangu, chini ya sufuria ya kunde, Polikarpo akiwepo na jirani yangu Bi Thuraya binti Aidarus akiwepo, na majivu nikayakoroga na maji nikayamwaga shimoni. Sikulifungua. Sikusoma hata ukurasa mmoja, ili nikiulizwa nisiwe na cha kusema, hata nikitaka. Wapo walioniambia kuwa huenda mwishoni mwa daftari alituandikia neno mimi na watoto, kwa kuwa alikuwa na tabia ya kuandika penye nafasi. Huenda.

Marehemu alifariki Jumatano, tarehe 9 Machi 1977, saa nne asubuhi, siku tano baada ya kutimiza miaka arobaini na mitatu.

Jana asubuhi ndugu zetu, kwa kufuata desturi, waliweka meza pale mlangoni, wakamkalisha kijana mwenye kalamu na daftari la rambirambi, jipya, la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma, na kila anayeingia anaulizwa jina. Nilikuwa jikoni. Nikaona wazee watatu wamevaa kanzu wanatoka njia ya kivuko, pamoja na bibi mmoja aliyebebwa kwenye baiskeli, wakafika karibu na meza, wakalitazama daftari lile, kijana akawaambia, "Karibuni, majina yenu," nao wakasimama kama walioona nyoka, wakageuza baiskeli. Walikuwa wametembea tangu alfajiri. Niliwakimbilia na unga mikononi hadi kwenye kona, nikawaambia lile lingine nimelichoma, na hili nalichoma sasa hivi, na nikarudi nikalichoma, pamoja na majina ya wakwe zangu yaliyokuwa yameandikwa tayari, na wakwe zangu wamekasirika, nawaomba radhi mbele ya watu. Ndiyo maana leo pale mlangoni mmekuta sinia tupu na hakuna kalamu. Msiba huu hauna daftari, aliyekuja amekuja.

Kwa niaba ya familia namshukuru Daktari Hilal na muuguzi Rosalia waliomhudumia mgonjwa wetu kwa siku thelathini na nane, namshukuru Bi Thuraya ambaye sukari na chai ya msiba huu vimetoka dukani kwake, nawashukuru wanajumuiya, na nawashukuru wafanyakazi wenzake wanne waliofika, na wale ambao hawakufika siwalaumu, najua inavyokuwa mtu akisikia gari limepunguza mwendo. Wapo pia waliotoka mbali, waliokuja na nazi na mihogo, wamekaa kati yenu, siwajui majina na sitawauliza, na kama aliyekaa kando yako humjui, mpe maji, usimwulize kwao wapi. Na kama vijana wale wawili nao wamefika, karibuni chakula, wanangu, mmesikia kila kitu, hakuna kilichobaki nyumbani kwangu isipokuwa watoto.

Kasimiri, bibi yule alikwambia wa kutuhoji wako kaburini, nasi Wakristo tunasema hivyo hivyo kwa maneno mengine, basi leo unahojiwa na Mwenye haki ya kuhoji, muulize kwa kifungu gani kama utathubutu, lakini majina ya watu usihangaike kuyataja, Yeye anayo yote, na hayaandiki popote. Pumzika kwa amani.