Kura ya Bi Ok-byol

Kijiwe cha Nonhyeon, pale Incheon, mji jirani na Seoul, ni kitanda kipana cha mbao mbele ya duka la Bi Mal-ja, na mwenye haraka zake heri apite upande wa pili. Siku ya uchaguzi wa rais kilijaa mapema. Bi Mal-ja, waliyembatiza Redio, alikuwa akikoroga kahawa ya pakiti kwenye vikombe vya karatasi. Sukari, dereva teksi mstaafu, alikuwa keshamaliza cha kwanza. Na katikati, miguu ameikunja, alikaa Jenerali. Jeshini huyu alikuwa mpishi, lakini kwa jinsi anavyozililia serikali za mabavu, cheo kilimkaa sawasawa.

Enzi za wanajeshi, alikuwa akisema, barabara zilijengwa, viwanda vilifuka moshi, na kila mtu alimjua mkubwa wake. Siku hizi kila mwenye mdomo ni mkubwa.

— Samaki mkunje angali mbichi. Taifa hili linataka fimbo.

— Taifa lina maelfu ya miaka, wewe, alisema Sukari. Huyo samaki keshakauka.

— Mnabadilisha marais kama soksi.

— Na soksi ikinuka, utaivaa? aliuliza Redio.

Hapo Redio akarudia, kwa mara ya mia, habari za usiku ule rais alipotuma askari bungeni, yeye Redio akatoka na ndara za nyumbani, Sukari akamkimbiza kwa gari hadi Seoul bila kumdai nauli. Sukari aliapa kuwa askari walirudi nyuma kwa sababu ya mdomo wa Redio tu. Jenerali, kwa kuudhika, akatoa dawa yake: wapige kura waliobeba bunduki peke yao. Alipokumbushwa kuwa yeye alibeba sufuria, akaongeza na waliowalisha wenye bunduki.

Wakiwa bado wanacheka, akatokea Ok-byol, mama anayefanya kazi kiwanda cha tambi, aliyetoroka Kaskazini na kufika mtaani mwaka juzi. Alikuwa amevaa vazi la sherehe, sketi pana ya waridi na kikoti cheupe, nywele zimelala vizuri. Redio akamsifu. Ok-byol alikaa ukingoni mwa kitanda, akakishika kikombe alichopewa, asinywe.

Polepole akaeleza. Kwao uchaguzi ni sikukuu. Unapendeza, unapewa karatasi yenye jina moja, unainamia picha za viongozi, unatumbukiza mbele ya macho ya watu, kisha unacheza ngoma nje. Anayeficha karatasi yake ana neno moyoni. Hapa aliingia kibandani, akagonga muhuri kwa yule aliyempenda, chaguo lake la kwanza tangu azaliwe. Halafu akatoka na karatasi ameikunjua, ameiinua juu, wasimamizi wote waone kuwa hana la kuficha. Kijana mmoja akamwambia kwa adabu kuwa kura ni siri, hiyo imeharibika, na nyingine hapewi.

Sukari alitaka waende mahakamani. Redio alitaka aende yeye mwenyewe akazungumze nao. Jenerali alisema kumnyima karatasi ya pili, angalau hiyo ndiyo nidhamu.

— Watakuja saa ngapi? aliuliza Ok-byol, macho barabarani.

— Kina nani, mdogo wangu?

— Wa kunichukua. Wameliona jina. Na nimeharibu karatasi ya serikali. Mwanangu nimeshampikia wali, nguo zake nimezikunja. Nataka kujua tu, niwangoje hapa au nyumbani.

Jenerali alimkumbuka kaka yake, aliyesema neno moja juu ya rais kwenye bakuli la pombe ya mchele, katika enzi zile zile za barabara na viwanda, akachukuliwa kabla bakuli halijaisha. Alirudi mtu asiyeweza kupaza sauti hata kumfukuza mbwa. Habari hiyo Jenerali hakuwahi kuileta kijiweni, na sasa ilimuuma. Alijikuta naye anaiangalia barabara.

— Hawaji, alisema.

— Una hakika, kaka?

— Siku hizi hawaji.

Hilo «siku hizi» lilikuwa limeshamtoka. Sukari alilisikia, Redio alilisikia, na wote wawili wakamstahi, wasimtanie.

— Basi hata nikilitaja jina hapa? aliuliza Ok-byol.

— Hapa watu hutaja, halafu tunawapinga. Taja.

Alilitaja. Mara ya kwanza kwa kunong'ona, ya pili wakalisikia hadi dukani. Jenerali akashusha kikombe.

— Huyo? Huyo hata kuchunga bata hawezi.

Ok-byol aliitazama barabara mara moja tu. Kisha akapandisha miguu yote miwili kitandani, akaikunja chini ya sketi yake ya waridi, akamgeukia.

— Anaweza, alisema. Tena wako ndiye hafai.