Mashine Isiyo na Picha

Jambo la mwisho la kawaida lililotokea nyumbani kwetu ni kicheko cha mke wangu. Faustina alikuwa ameketi sakafuni, bisibisi ameibana kwa meno, mbele ya kompyuta ya kuchezea gemu tuliyokuwa tukiinunua kipande kwa kipande kadiri mishahara ilivyoruhusu. Alikuwa amekwisha kufunga feni juu ya prosesa na kuchomeka kila waya. Mashine ikawaka, feni ikazunguka, skrini ikabaki nyeusi. Akachukua boksi la prosesa, akalisoma upya, akacheka mpaka bisibisi ikaanguka. Tulikuwa tumechagua ile ya bei nafuu bila kujiuliza unafuu umetoka wapi: prosesa ile haitoi picha yenyewe. Bila kadi ya picha, kompyuta ingekuwa hai lakini isingetuonyesha kitu. “Kawaulize wenzako kijiweni kadi ipi inatufaa,” alisema. “Nikirudi kutoka Iringa tutainunua.” Gari alilopanda kesho yake lilipinduka kabla ya Igawa.

Sikuwauliza mpaka matanga yalipoanuliwa na nguo zake zikagawiwa. Kijiwe chetu kiko Soweto, hapa Mbeya: benchi moja refu lililoegemea ukuta wa saluni iliyofungwa, na mbele yake jiko la makaa la Isihaka, muuza kahawa, ambaye wazee wake walipanda huku kutoka Kilwa. Tunamwita Spika, kwa sababu birika likiisha, bunge limeahirishwa. Mkono wa kulia hukaa Amos, fundi umeme, jina la kijiweni Volti. Kushoto hukaa Iqbal, mwenye kibanda cha kompyuta za mtumba Mwanjelwa. Katikati, karibu na joto, hukaa mzee Kalinga, Mhehe, dereva mstaafu wa malori; huyo ni Gia. Mimi ni Mwalimu tu. Jioni ile ya Julai ukungu ulikuwa umeshuka mapema na kila aliyepita barabarani alianza kuwa kikohozi kabla ya kuwa mtu. Nikauliza swali nililotumwa: kwa mfuko mdogo, mtu anayejenga kompyuta yake ya kwanza achukue kadi ipi?

– Kadi siyo ya kuanzia, Mwalimu, alisema Volti. Anza na pawa saplai, kile kisanduku kinachogawa umeme. Maji yakimwagika hayazoleki.

– Yanahusiana vipi? Iqbal akamuuliza.

– Ukiweka pawa saplai ya ovyo, siku moto ukija mwingi vyote vinaungua. Sasa hapo utazoa nini?

Iqbal alimwacha. Akanieleza kwa utaratibu, kama anavyowaeleza wateja wake, kwamba mwenye kidogo aweke sehemu kubwa ya kidogo hicho kwenye kadi, maana gemu linaishi humo. Ramu, vile vibao vya kumbukumbu, ziwe mbili zinazolingana badala ya moja kubwa. Kasha lisimtoe mtu roho, hata la kompyuta ya ofisi linatosha ilimradi lina matundu ya hewa. Alinionya juu ya kadi za mtumba zilizokimbizwa usiku na mchana na watu wa sarafu za mtandaoni. Zinang'aa, alisema, lakini ni kama punda wa kukodi aliyesuguliwa mafuta.

– Matundu hayo mimi siyaafiki, alisema Isihaka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

– Spika, ukiziba ufa wa kompyuta utajenga jeneza.

Iqbal alilisema kabla ya kulipima. Isihaka akanijazia kikombe ambacho hakikuwa kimepungua.

Mzee Kalinga ndiye aliyetuvusha. Yeye huniita mkwe, kwa kuwa Faustina alikuwa binti wa kwao.

– Mkwe, binti yetu alitaka kucheza nini humo?

– Malori, baba. Kuna gemu la kuendesha lori milimani. Baba yake aliwapakia kaka zake kwenye lori lake mpaka Tunduma kila likizo. Yeye hakupakiwa hata mara moja.

Mzee alitikisa kichwa polepole.

– Basi nimewaelewa. Prosesa ni injini. Hiyo kadi ni taa. Binti yetu ameondoka na kuacha lori lina injini, halina taa. Litabaki pale linanguruma gizani.

– Ndiyo, nikasema. Linanguruma.

Wakadhani naitikia mfano. Ikabidi niwaambie. Wakati wa msiba waya wa mashine ulichomolewa ukutani ili waombolezaji wachaji simu. Walipoondoka niliuchomeka tena, kwa sababu yeye aliuacha umechomekwa. Alfajiri iliyofuata, adhana ikiwa bado hewani, mashine iliwaka yenyewe. Tangu hapo huwaka kila alfajiri. Taa ndogo ya mbele hugeuka bluu, feni huzunguka, skrini hubaki nyeusi. Ndiyo maana nauliza habari ya kadi. Nataka kuona inafanya nini.

Sikuwaambia kwamba hiyo ndiyo saa aliyokuwa akiamka kubandika uji.

Volti alisema hilo ni la umeme, lisitutishe. Nyumba yangu haina waya wa ardhini wa maana. Alfajiri mashine za kusaga zikiwa zimelala, umeme unakosa pa kwenda, unazurura ukutani ukitafuta kazi. Ameona pasi iliyopata moto swichi ikiwa imezimwa. Ameona redio huko Uyole iliyosoma taarifa ya habari ya juzi.

– Redio ya juzi? Mzee Kalinga aliuliza.

– Umeme wa zamani, mzee. Unakaa kwenye waya kama maji kwenye bomba.

Mzee alisema hiyo si ajabu kwa mtu aliyelala Igawa. Pale Igawa, enzi zake, palikuwa na lori ambalo dereva wake alifia usingizini kando ya barabara. Mwenye mali akaajiri mwingine. Kila ilipofika alfajiri lori lilijiwasha, likasubiri muda ambao marehemu alizoea kusubiri injini ipate moto, kisha likajizima kwa kukosa mtu wa kutia gia. Wakaliuza Zambia. Chema chajiuza, alimalizia, na kama kawaida hakuna aliyejua methali hiyo imefikaje pale.

– Wazee mnazingua, alisema Iqbal. Hiyo ni mazabodi.

Alinigeukia mimi peke yangu. Mazabodi, ile bodi kubwa inayobeba vingine vyote, tuliinunua kwake, na ilitoka Ulaya kwenye ofisi fulani. Wenye ofisi huzipanga mashine ziwake zenyewe kabla wafanyakazi hawajafika. Bodi ina betri ndogo ya duara, kama kifungo cha koti, na betri hiyo ndiyo inayoikumbusha saa. Ofisi imebaki huko, bodi imekuja na tabia zake.

– Toa betri, hesabu mpaka uchoke, irudishe. Inasahau kila kitu. Hutaisikia tena.

Nilipaswa kufurahi. Ilikuwa maelezo ya kwanza jioni ile yenye kichwa na miguu. Badala yake nikamuuliza kama saa hiyo ingeweza kupangwa hapa hapa Mbeya.

– Na yeyote. Ila sharti awe na picha, aingie kwenye mipangilio.

– Faustina hakuwa na picha.

Iqbal alikizungusha kikombe chake. Kisha akasema, kwa sauti ya chini kuliko ile ya kuuzia:

– Alikuwa nayo, Mwalimu. Siku ya kuchukua bodi shemeji aliijaribu kibandani kwangu. Nilimwazima prosesa na kadi ya zamani. Aliingia kwenye mipangilio, akakaa humo muda. Nilikuwa na mteja. Sikuona alichobonyeza.

Basi mambo yakawa mawili. Ama kila alfajiri mtu nisiyemjua alikuwa akiita wafanyakazi nisiowajua, katika nchi ambako sitafika. Ama Faustina alikuwa amejipangia saa ya kucheza kabla ya uji, na hakuniambia kwa sababu alitaka nimkute barabarani, milimani, ameshika usukani. Kadi yoyote, hata duni, ingenijibu. Iqbal akavuta begi lake, akatoa kitu kilichofungwa kwa gazeti na uzi, akaniwekea mapajani.

– Ndiyo ile ile. Siyo ya gemu, lakini picha inatoa. Kaingie, uangalie saa imepangwa na nani. Ukishaona, toa betri. Kesho unirudishie.

– Inaandika jina la aliyepanga?

– Hapana. Lakini ukiona mipangilio mingine imekaa kiofisi, utajua. Ukiona imekaa kinyumbani, utajua.

– Asitoe kitu, alisema Isihaka.

Kwa muuza kahawa, Isihaka huongea kidogo. Akaniuliza shangazi zake Faustina walipogawa vitu, mashine alipewa nani. Nikamweleza ilivyokuwa. Kanga zilipata wenyewe, vyombo, viatu, hata mwavuli. Walipoifikia mashine, shangazi mkubwa aliuliza hiki ni nini. Nilisema ni kitu alichokuwa akikijenga, hakijaisha. Shangazi akarudisha mkono wake. Kwao, alisema, kisichoisha hakigawiwi. Wakaendelea na mashuka.

– Umesikia mwenyewe, alisema Isihaka. Vyote vimepata wenyewe wapya. Hicho hakina mpya. Kitu ambacho hakijagawiwa bado ni chake, na mtu ana haki ya kuwasha kitu chake.

– Spika, hiyo siyo dini, alisema Volti.

– Sikusema dini. Nimesema haki.

Mzee Kalinga alisogea kidogo, kama mtu anayempisha mwingine benchini, na upande aliopisha hapakuwa na mtu. Nadhani alikuwa akifuata joto.

Kutoka kwenye ukungu akatokea mwanamke mwenye chupa ya chai, amejifunga shuka mabegani. Hakuwa mtu wa kijiweni. Alituamkia wote, akasema anaitwa Tumpe, amehamia juzi kwenye vile vyumba vya nyuma ya saluni, na anaomba ajaziwe kahawa.

– Mgeni njoo, mwenyeji apone, alisema Volti. Dada, tuamulie. Kompyuta ya Mwalimu hapa inajiwasha kila alfajiri. Umeme, ofisi, au mwenyewe?

Tumpe alicheka kidogo, kwa adabu, akitazama kama tunamtania. Akaona uso wangu, akaacha. Isihaka alikuwa akimimina, na sote tulisikia kahawa ikipanda ndani ya chupa.

– Baba, aliniambia, na nani anaizima?

Nilitaka kujibu papo hapo. Mimi ni mwalimu wa hesabu. Swali fupi hulijibu kwa ufupi. Lakini kila asubuhi nakwenda shuleni nikiiacha inazunguka, kwa sababu sijaweza kuigusa. Kila jioni naikuta kimya, taa ya mbele imezimika. Naishi peke yangu. Ufunguo mwingine wa nyumba ulirudi na mkoba wa Faustina, uko kabatini.

– Umeme unakatika mchana, nikasema, nikimtazama Volti.

– Haujakatika mtaani kwenu tangu msiba uishe, alisema Volti. Ningejua. Ungenipigia.

Nikamtazama Iqbal.

– Saa ya bodi inawasha tu, alisema. Haizimi. Na diski yako haina kitu ndani, hakuna programu ya kuiambia ilale. Ikishawaka, inakaa hivyo mpaka mtu abonyeze kitufe.

Mzee Kalinga hakusimulia lori jingine. Isihaka alifunga chupa ya Tumpe, akakataa malipo, jambo ambalo hajawahi kulifanya mbele yangu. Kisha akapindua birika, akamwaga masimbi ya chini mtaroni. Lilikuwa bado na kahawa. Niliiona ikitoka nyeusi pamoja na masimbi. Hakuna aliyelalamika.

Alfajiri iliyofuata sikwenda shuleni. Nilikaa kwenye kiti mbele ya mashine, kadi ya Iqbal mapajani ndani ya gazeti lake, bisibisi ya Faustina kando. Adhana ilianza, na kabla haijaisha taa ikageuka bluu, feni ikazunguka. Kuweka kadi ni kazi ndogo: unazima, unachomeka, unafunga skrubu, unawasha. Niliwahi kumtazama akifanya magumu kuliko hayo. Niliweka kiganja changu juu ya kasha, likawa na joto kama la mtu aliyetoka kuamka. Nilikaa hivyo hadi dirisha likawa jeupe na mtaa ukaanza kufagia. Ulipofika wakati ambao yeye alizoea kuvaa viatu na kutoka kwenda kazini, baada ya mimi kwenda shuleni, mashine ilizimika. Nilikuwa nakitazama kitufe. Sitaandika kwamba kilibonyea, kwa kuwa sina hakika. Nitaandika kwamba nilikisikia.

Nikasema, “Haya, uende salama,” kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikisema.

Kisha nilivaa koti, nikashuka Mwanjelwa, nikamkuta Iqbal anafungua kibanda. Nilimpa kadi yake. Aliona gazeti halijafunguliwa, na uzi wake mwenyewe bado umefungwa kwa fundo lake mwenyewe. Akaniuliza, bila kunitazama, kama basi nimeamua kununua nyingine, mpya, ya gemu.

Nikamwambia bado tunachagua.