Emerensiana Likwata na Mkono wa Mishipi ya Nailoni

Mimi Leonadi, kaka yake marehemu, ndiye niliyepewa kazi ya kusoma. Mwenyewe hakupenda maneno mengi, basi nitafuata karatasi.

Emerensiana Jerome Likwata alizaliwa tarehe 9 Machi 1983 huko Rondo, mtoto wa pili na wa mwisho wa mzee Jerome na mama Flora. Mwaka 1989 familia ilihamia Mchinga.

Alisoma shule ya msingi hapa Mchinga na sekondari mjini Lindi. Mwalimu wake wa fizikia alipata kulalamika kwamba mtoto huyu anaweza kuuliza swali moja wiki tatu. Mwaka 2007 alihitimu stashahada ya utengenezaji wa viungo bandia, na mwaka uliofuata akaajiriwa kwenye karakana ya hospitali, kazi aliyoifanya hadi alipougua.

Mwaka 2006 kaka yake alikatika mkono wa kulia. Watu aliwaambia ni mashine ya kukoboa. Leo ijulikane kwamba ilikuwa baruti ya kuvulia samaki, na aliiwasha mwenyewe. Tangu hapo hakwenda msibani wala harusini, kwa aibu ya kumpa mtu mkono wa kushoto. Hata baba alipozikwa mwaka 2014 alijifungia chumbani. Marehemu hakumgombeza. Alisimama mlangoni akasema, "Haya kaka, baki humo. Mimi nakutafutia mkono."

Mikono yenye mota ilikuwa mizito, na bei yake haisemeki. Marehemu alikuwa amesoma kwamba mshipi wa nailoni, huu huu wa kuvulia, ukisokotwa mpaka ujikunje kama springi, hujivuta ukipata moto na hulegea ukipoa, sawasawa na msuli. Aliuzungushia waya mwembamba wa kuupasha moto kwa umeme wa betri. Ili mishipi ishike umbo aliioka kwenye oveni ya mama, na keki za Pasaka ya 2019 zikanuka plastiki. Mama hajasahau. Mkono wa kwanza ulifunga vizuri ila ulichelewa kufungua, kwa kuwa mishipi minene hupoa taratibu. Padri Kornelio alijitolea kuujaribu kwa kupeana mkono na kaka, akashikwa karibu dakika nzima. "Leonadi," alisema, "kama una la kuungama, sema tu, sina pa kwenda."

Tarehe 17 Septemba 2011 alifunga ndoa na mwalimu Augustine Maftaha, huko Mingoyo. Meza yao ya chakula iligeuka karakana, na mwalimu alikula mkekani miaka minne bila kununa.

Septemba 2024 aligundulika kuwa na saratani ya ini. Kazi nyingine aliziacha, hii hakuiacha. Alibadilisha mishipi minene akaweka myembamba mingi, ipoe upesi. Tarehe 20 Januari 2025, akiwa kitandani, alimfunga kaka yake mkono huo, akampa wake aushike.

"Unakubana?" aliuliza.

"Haunibani."

"Basi usijifungie tena."

Alifariki dunia tarehe 2 Februari, saa kumi alasiri, akiwa na miaka 41. Ameacha mama, mume, watoto wawili, Debora na Jerome, na kaka mmoja. Inauma sana.

Tukimaliza kufukia nitasimama kwenye mstari wa wafiwa, kando ya mama. Pole zenu nitazipokea kwa mkono wa kulia.

Mungu akupumzishe, mdogo wangu.