Kitanda cha Kutandikiwa

DADA: Haloo? Nani mwenzangu?

CHIRIKU: Ni mimi, dada. Shikamoo.

DADA: Nani? Unakwaruza tu, sikusi—

CHIRIKU: Mdogo wako! Chiriku! Ngoja nipande juu kidogo... [mkwaruzo] Sasa je?

DADA: Sasa nakusikia. Marahaba. Mbona upepo hivyo, uko wapi?

CHIRIKU: Juu ya jiwe, nyuma ya chumba cha kufulia. Huku mbugani, kambi nzima ya wageni mtandao unapatikana hapa tu, na ukigeuza kichwa umekwenda. Nimekaza shingo kama napigwa picha ya kitambulisho.

DADA: Hebu subiri nikuweke spika, mikono yangu ina mafuta. Nilikuwa namkanda shemeji yako miguu. [simu inagonga meza] Haya, sema.

CHIRIKU: Shemeji, shikamoo!

DADA: Kalala huyo. Kageukia ukutani. Yuko vilevile, tunashukuru. Upande wa kulia bado mzito, na maneno ndiyo hayo, moja leo, jingine wiki ijayo. Tangu kile kiharusi, mwaka wa tatu huu, mimi ndiye mdomo wake.

CHIRIKU: Na wewe, dada?

DADA: Mimi nipo.

CHIRIKU: Upo vipi?

DADA: Nipo tu. Mtu akiwepo, si inatosha?

CHIRIKU: Nimepata ujumbe wako.

DADA: Eeh. Ndiyo hivyo.

CHIRIKU: "Haitawezekana, wape wengine." Ndiyo hivyo nini, dada? Gari linakuja kukuchukua keshokutwa! Jina lako liko mlangoni mwa hema, nimelibandika kwa mkono wangu.

DADA: Libandue.

CHIRIKU: Kwa nini?

DADA: Jirani aliyekubali kumwangalia mzee kafiwa. Sasa nimwachie nani mgonjwa?

CHIRIKU: Jirani yupi? Mama wa duka?

DADA: Huyohuyo.

CHIRIKU: Dada.

DADA: Eeh.

CHIRIKU: Nimempigia kabla yako. Yuko dukani kwake anapima sukari. Hajafiwa na mtu. Yeye ndiye ananiuliza amekukosea nini, mpaka umwambie asije tena.

DADA: [chupa ya mafuta inawekwa mezani]

CHIRIKU: Haloo? Upo?

DADA: Nyie na simu zenu. Siku hizi hata uongo mdogo haupati pa kujificha.

CHIRIKU: [anacheka kidogo, kisha anaacha] Basi niambie la kweli.

DADA: La kweli sina nguo. Wanawake wenyewe wa kambi hiyo umeniambia ni mahakimu, madaktari, wenye makampuni. Nikae nao mezani nimevaa nini?

CHIRIKU: Dada, wewe ni fundi cherehani. Umeshona mji mzima.

DADA: Mganga hajigangi.

CHIRIKU: Na hao mahakimu usiwaogope. Huyu wa wiki hii amestaafu, analala mpaka jua limpige usoni. Akiamka anakunywa chai, anaangalia mto, analala tena. Jana alimwona twiga anakunywa maji, kapanua miguu kama meza iliyolegea misumari, yule mama akaanza kulia. Hakuna aliyemuuliza kitu. Dereva wetu kampa leso, wakaendelea kutazama.

DADA: Yaani mtu analipa pesa zote hizo aje alale?

CHIRIKU: Alale, na alie. Wote wamepita hamsini, kila mmoja kachoka kwa namna yake.

DADA: Wengine tunachoka bure.

CHIRIKU: Ndiyo maana nakuita, dada! Wewe hulipi chochote.

DADA: Hapo ndipo penye sumu. Cha bure kina macho. Watanikalisha mbele yao, "huyu ndiye mama mnyonge, hebu atusimulie shida zake." Halafu wapige picha.

CHIRIKU: Mwenye kambi hataki hayo, alishayakataza. Yule mama tunamwita Bibi Taratibu. Mnyama hafukuzwi, gari linazimwa, mnangoja, asipotokea hajatokea. Na mtu ni hivyohivyo. Mgeni haulizwi asichokianzisha yeye. Hakuna atakayejua kama umelipa au hukulipa.

DADA: Na yeye faida yake nini?

CHIRIKU: Anasema haiwezekani kila mwaka tunajaza vitanda kwa wanawake waliotoka mbali, na waliovitandika hawajui hata godoro likoje. Ndiyo wafanyakazi tukachezeshwa kura ya kitanda kimoja cha bure, ikaniangukia mimi.

DADA: Ikakuangukia wewe.

CHIRIKU: Eeh.

DADA: Kura ya ndugu?

CHIRIKU: Ya mfanyakazi. Au ndugu yake wa kike.

DADA: Ya mfanyakazi mwenyewe?

CHIRIKU: Au ndugu yake.

DADA: Chiriku, wewe umetandika huko tangu mwanao yuko darasa la kwanza, leo ana ndevu. Umewahi kukilalia hata—

CHIRIKU: [mkwaruzo] Unakatika, dada, sikusikii.

DADA: Mbona umenisikia mpaka hapo?

CHIRIKU: Upepo.

DADA: Upepo. Haya. Lala wewe. Mgongo unakuuma, najua, hata unavyopumua nakusikia. Lala wewe, mimi nimeshazoea.

CHIRIKU: Sitaki kusikia hilo neno.

DADA: Neno gani?

CHIRIKU: Nimeshazoea. Mama alikuwa akilisema. Dada, ninapotandaza shuka, nikilivuta pembe nne likanyooka, kila siku nasema moyoni, hapa angelala dada. Nisiposema hivyo siwezi kuinama tena. Sasa unaniambia nibandue jina?

DADA: Nipo, nakusikia.

CHIRIKU: Si jirani, si nguo, si picha. Nini?

DADA: Naogopa.

CHIRIKU: Simba? Simba hawaji, kuna walinzi usiku kuch—

DADA: Simba atanifanya nini mimi? Naogopa kurudi.

CHIRIKU: Kurudi? Gari litakuleta mpaka mlangoni.

DADA: Hujanielewa. Juzi nilikwenda kununua uzi. Nikapita stendi. Kulikuwa na basi limewasha injini, halina hata kibao cha mbele, sijui lilikuwa linakwenda wapi. Nikasimama. Nikajikuta mkono wangu umeshika chuma cha mlangoni. Kondakta ananiambia, mama panda, siti ipo. Na mguu mmoja ulikuwa umeshainuka, Chiriku. Umeshainuka.

CHIRIKU: Ukafanyaje?

DADA: Nikamwambia nimekosea basi. Nikarudi nyumbani, nikakoroga uji, nikamlisha. Uzi sikununua. Sasa wewe unaniita mahali nipikiwe, nitandikiwe, nikohoe mwenyewe bila kusikiliza kikohozi cha mtu. Nikishaonja hayo, huu mlango nitaushika tena? Nimempenda mzee huyu, Mungu shahidi. Lakini nimechoka mpaka nimechoka kuchoka. Bora asiyeonja. Umeniona mtu mbaya, Chiriku.

CHIRIKU: Hapana. Dada... mimi bado niko kwenye spika?

DADA: Eeh, si nimekwambia mikono ina maf—

CHIRIKU: Shemeji amelala kweli?

DADA: [kiti kinakwaruza sakafu] Amegeukia ukutani.

CHIRIKU: Ndiyo. Lakini amelala?

[Sauti ya mwanamume, nzito, mbali na simu.]

CHIRIKU: Ni yeye huyo?

DADA: Anataka maji. Mzee, maji? Ngoja nikuinue kichwa...

[Sauti tena.]

CHIRIKU: Dada, hajasema maji.

DADA: Maneno yake nayajua mimi. Wewe uko huko juu ya jiwe, unajua nini?

CHIRIKU: Hajasema maji, nimesikia.

DADA: Anachanganya. Wiki iliyopita kijiko alikiita saa. Anaweza kusema hiki, kumbe anataka—

[Sauti, polepole: "Ne... nda."]

CHIRIKU: Dada?

DADA: Kanishika kidole. Kwa ule mkono mzima. Hataki kuniachia.

CHIRIKU: Usimnyang'anye.

DADA: Amesikia yote, Chiriku. Habari ya basi. Amesikia yote.

CHIRIKU: Amesikia. Na ametafuta neno mpaka kalipata. Hebu nisikilize sasa, dakika zangu zinaisha. Nilipoupata ujumbe wako niliomba likizo, nikapewa. Lile gari la keshokutwa nakuja nalo mimi. Nashuka, unapanda. Nitakaa na shemeji mpaka utakaporudi.

DADA: Wewe? Si ulisema utakuwepo kunionyesha huko?

CHIRIKU: Yupo mwenzangu wa jikoni, atakupokea. Ukimwambia wewe ni dada wa Chiriku, basi, hatanyamaza mpaka usinzie.

DADA: Kwa hiyo tutaonana mlangoni tu?

CHIRIKU: Mlangoni tu.

DADA: Na hiyo likizo ndiyo ulikuwa unaitunza kwa ajili ya mgongo wako.

CHIRIKU: Usianze.

DADA: Mzee ni mzito, hutaweza kumgeuza.

CHIRIKU: Nageuza magodoro ya futi sita, sembuse shemeji yangu.

DADA: Uji usiwe mzito, atapaliwa. Mwinue kwanza, mto mmoja nyuma ya—

CHIRIKU: Sawa.

DADA: Na usimsemeshe kama mtoto mchanga. Hapendi. Mama wa duka alifanya hivyo, akamtemea uji.

CHIRIKU: [anacheka] Vizuri! Nitamsemesha kama hakimu.

DADA: Redio aipendayo ni ile ya mpira, lakini ukimwona anafumba macho kwa nguvu, punguza. Na mchana ukimwona anatazama dirisha, usidhani anataka kitu, anatazama tu...

[Mlio mfupi.]

CHIRIKU: Huo ni mlio wa salio, nakatika. Dada, sema unakuja.

DADA: Usinipeleke mbio.

CHIRIKU: Sema!

DADA: Na kama nikifika huko nikakataa kurudi?

CHIRIKU: Mambo ya kurudi na kutorudi tutayaongea ukishalala. Lala kwanza. Mtu haamui mambo ya maisha na usingizi wa miaka mitatu kichwani.

DADA: Chiriku—

CHIRIKU: Chukua sweta, alfajiri kuna baridi! Shemeji, nakuja, usiniba—

[Simu imekatika.]

DADA: Haloo? Haloo? Chiriku? Kamaliza vocha.

[Kitanda kinalia.]

DADA: Haya, mzee. Niachie kidole nikalete wembe. Shemeji yako asije akakukuta na ndevu hizi.