Marehemu Mama Caren Kimeli, 1938–1998: Mkono Uliotangulia

Mama Caren Kimeli alizaliwa Ndanai, Sotik, mwaka wa 1938, akiwa wa pili na wa mwisho baada ya dada yake, Taprandich. Siku yenyewe haikuandikwa popote. Alipokwenda kuchukua kitambulisho alijichagulia tarehe tatu Juni, na tangu hapo hakukubali kubishiwa.

Alisoma hadi darasa la nne, na alisoma kwa zamu. Leo alikwenda Taprandich, kesho Caren, na jioni aliyetoka shule alimfundisha aliyebaki na ng'ombe. Mwalimu alizoea kuwahesabu kama mwanafunzi mmoja.

Mwaka wa 1956 aliandikwa kazi ya kuchuma majani katika shamba kubwa la chai nje ya Kericho. Alichuma huku akipiga soga, uso umegeukia jirani, na kikapu kikajaa majani mawili na chipukizi bila jani gumu hata moja. Nyapara alipomuuliza siri yake, alijibu, "Mkono unachuma kabla mimi sijaona jani. Mimi nafika nikiwa nimechelewa." Wachumaji wenzake walicheka sana siku hiyo.

Mwaka wa 1959 alifunga ndoa na Gibson Kimeli wa Kiptere, wakapanda chai yao wenyewe, wakajaliwa mtoto mmoja, Kipchirchir, anayesoma wasifu huu. Mzee Gibson aliaga dunia mwaka wa 1983.

Yafuatayo marehemu aliagiza yasemwe. Mnamo Aprili 1988 mama yao alifariki huko Ndanai. Mvua ilikata barabara, Caren akakwama njiani, na alipofika Ijumaa alikuta kaburi limefunikwa tangu Alhamisi. Taprandich hakumngoja. Caren hakupiga kelele. Alirudi Kiptere, na kwa miaka saba jina la dada yake halikutajwa katika nyumba hiyo.

Tarehe 14 Machi 1995 alipatwa na kiharusi akiwa kwenye chai. Mdomo ulirudi sawa, miguu ikarudi, lakini mkono wa kushoto ulirudi na mambo yake. Ulifungua vifungo ambavyo mkono wa kulia ulikuwa ukifunga. Ulichuma blanketi, vidole vikienda mbio, na kitu kikigusa kiganja ulikikamata ukakataa kuachia. Aliukalia, akaufunga kwa leso, akauita "huyu". Wengine walisema ni pepo. Mwenyewe aliuogopa, na hakuficha.

Jumapili, tarehe 8 Oktoba, Taprandich alikuja na sotet, kibuyu cha maziwa ya mgando ya mursik, kuomba msamaha. Alisimama mlangoni akasema, "Nilikosa kukungoja, Caren." Caren alinyoosha mkono wa kulia. Wa kushoto ukaruka, ukaukamata ule wa kulia kwenye kiwiko cha mkono, ukaurudisha kifuani.

"Nimeona," Taprandich akasema. Aliweka sotet kizingitini, akaondoka. Caren alimwita, lakini hakugeuka.

Kipchirchir alikuwepo. Aliahidi kwenda Ndanai kumweleza mama yake mkubwa habari za ugonjwa ule. Msimu huo majani yalikuwa mengi, akasema wiki ijayo, na wiki ijayo tena. Januari Taprandich akafa. Kosa hilo ni la Kipchirchir, na analisema hapa mbele ya watu.

Mama alimuuliza Daktari Makori wa Kericho swali moja tu: ni yeye aliyekataa, au ni mkono? Daktari hakumharakisha. Alisema ubongo huanza kuuandaa mkono kabla mtu hajajua kwamba ameamua, na kwamba kiharusi kilikuwa kimeharibu mahali pa kuuzuia.

"Sasa anayeanza ni nani?" mama akauliza.

"Mama, hapo hata sisi hatujafika."

Njiani kurudi alimwambia mwanawe, "Mimi nilikuwa nimekubali saa hiyo tu. Huyu alikuwa amekataa miaka saba." Hakulala vizuri tena.

Alhamisi, tarehe 12 Novemba 1998, Chelimo, binti wa Taprandich, alifika kutoka Ndanai na kuketi kando ya kitanda, upande wa kushoto. Mama hakuwa anasema tena. Chelimo anashikilia kwamba hakuugusa mkono ule. Ulitambaa wenyewe juu ya blanketi ukamtafuta, ukamshika. Kipchirchir aliona vidole vikiwa vimeshika, hakuona jinsi vilivyoanza. Ulimshika hadi saa tatu asubuhi ya kesho yake, mama alipokata roho, ndipo ukaachia.

Mazishi haya yamesogezwa siku mbili kwa sababu barabara ya Ndanai ilikuwa mbaya. Mama aliagiza kaburi lisifunikwe kabla watu wa Ndanai hawajafika. Wamefika.

Ameacha mwana, Kipchirchir. Na binti, Chelimo. Mungu amlaze mahali pema, na mikono yake yote miwili ipumzike kwa amani.