Ma Edvina, Fundi wa Vitu Visivyo na Kazi

Ndugu waombolezaji, familia imenituma nisimame mbele yenu nieleze maisha ya mama yetu mpendwa, Ma Edvina Protase, ambaye wengi wenu mna nyumbani kitu alichokishona kwa mkono wake.

Ma Edvina alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Kamachumu, wilayani Muleba, akiwa mtoto wa pili wa marehemu Mzee Protase Kyaruzi na marehemu Mama Celina, akasoma shule ya msingi hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1975, kisha akajifunza ushonaji, na kuanzia mwaka 1981 akawa fundi wa sare za shule mjini Bukoba. Tarehe 9 Juni 1984 alifunga ndoa na Ta Julius Ishengoma, wakajenga Kibeta, na Mungu akawajalia watoto wawili, Annastella na Avit.

Sare zilimlisha, lakini moyo wake ulikuwa kwenye vitu visivyo na kazi yoyote, kuku wenye kofia, mijusi wenye mabawa, aliowashona kwa masalia ya vitambaa na kuwajaza majani makavu ya migomba, na tangu mwaka 2008 kila Jumamosi aliwaita majirani barazani kwake watengeneze chochote, mradi kisiwe na faida.

Hata hivyo hofu haikumwacha, maana kila alipomaliza kitu aliamini hataweza kingine. Mwaka 2019 usharika ulipomwomba kitambaa kikubwa cha kutundikwa kanisani siku ya jubilei, alishona na kufumua, akashona na kufumua, chakula kikamshinda, akamwambia mumewe, "Ta Julius, mikono ipo, ila kichwani hamna kitu, nitaaibika mbele ya kanisa zima," naye akamjibu, "Basi Jumamosi usishone, cheza na wenzako." Jumamosi hiyo akamwomba kila mmoja afumbe macho akate samaki wa kitambaa, wakatoka samaki wa ajabu, wengine hawana mkia, wa jirani yake Consolata ana miguu, na Ma Edvina akawashona wote vilevile walivyo kwenye ziwa la bluu.

Tarehe 20 Oktoba, siku ya jubilei, hakuthubutu kuingia, akasimama nje, akasikia watoto wanacheka, kisha wazee, kisha kanisa zima, akageuka aondoke, ndipo Consolata akamfuata na kumshika mkono, "Rudi, Ma Edvina, wamefurahi, hawakucheki wewe." Aliingia, akakaa nyuma kabisa, akalia.

Mwaka 2022 mikono ilianza kutetemeka, madaktari wakasema ugonjwa huo hauponi, akaogopa kuliko wakati wowote, akaificha sindano hata asiione, lakini baadaye akaitoa mwenyewe, akauacha mshono uende unakotaka, akisema, "Sasa mkono ndio unaamua, mimi naufuata tu." Januari mwaka huu wa 2025 nimonia ilimlaza hospitalini, na tarehe 6 Februari alimwuliza Annastella kwa wasiwasi, "Jumamosi watakuja kweli, nami sipo?" Annastella akamjibu, "Watakuja, Ma," na mchana huo akafariki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, mchungaji na washarika, mafundi wenzake wa mjini, na ninyi majirani wa Kibeta, ambao juzi Jumamosi mlifika msibani na mikasi yenu, mkaketi barazani, mkakata na kushona huku mkilia.

Ma Edvina, walikuja. Moyo wako utulie sasa, upumzike kwa amani.