Ndoo ya Maji kwa Asiyekuwepo

Kwenye kona ya mtaa wa Tutzor, bondeni Ferghana, benchi la Zokir muuza chai liko hatua mbili tu kutoka kwenye mfuniko wa chemba ya majitaka, na hakuna aliyewahi kufikiria kulihamisha. Wastaafu wa mtaa hukaa hapo kuanzia saa mbili asubuhi, wanakunywa chai ya kijani, wanatafuna zabibu kavu, wanaitawala dunia. Waziri hajawahi kuwa waziri hata wa siku moja. Alimwendeshea gari ofisa wa wilaya miaka kumi na tisa, akastaafu na sauti ya bosi wake. Redio alikuwa kinyozi. Mkasi aliuacha, umbea ukamshinda kuacha. Na mzee Ergash, fundi mstaafu wa kiwanda cha pamba, wanamwita Baadaye, kwa sababu ukimuuliza Sanjar wake anarudi lini kutoka Urusi, jibu ni hilohilo mwaka wa nane sasa: baadaye kidogo, theluji ikiyeyuka.

Asubuhi hiyo ya vuli chemba ilikuwa imecheua tena. Maji meusi yalitambaa barabarani yakaingia getini kwa Ergash, maana geti lake ndilo la chini kuliko yote, na mkewe Hosiyat akalazimika kupanga matofali ili afike kwenye tanuri lake la mikate. Ergash alifika kijiweni viatu vimelowa. Lakini si viatu vilivyomkosesha raha. Ijumaa Sanjar alikuwa amepiga simu: mjukuu ameanza darasa la kwanza hukohuko, na ile nyumba waliyokuwa wamepanga wameanza kuinunua. Kuhusu kurudi alisema neno moja tu: “Tutaona, baba.” Ergash hakumwambia mtu. Hata Hosiyat hakumwambia.

Ukutani kwa Zokir palikuwa na tangazo la shirika la majitaka. Bomba la zamani litang'olewa, litalazwa jipya la kutosha miaka ishirini na mitano, na leo anakuja mtu wa kuhesabu wakazi.

— Miaka ishirini na mitano! Redio akapiga paja. Mimi hata dakika ishirini na tano sina uhakika nazo.

— Wewe usiwe na wasiwasi, Waziri akasema. Choo chako kitaishi kuliko wewe.

— Lakini wanajuaje? Zokir akauliza huku akipuliza makaa. Watu wa kesho hawajazaliwa. Unawahesabuje?

Waziri akakohoa kikohozi cha ofisini.

— Wanapiga picha kutoka angani. Kila paa, watu wanne. Basi.

— Na banda langu la mbuzi? Zokir akauliza.

— Lina paa?

— Lina paa.

— Watu wanne.

— Loo! Mbuzi wangu wamepata choo kabla ya watu wa kule maghorofani!

Wakacheka, wakatazama juu kilimani. Lile shamba la pamba la zamani sasa lina maghorofa sita, na mawili kati ya hayo hayajaunganishwa na bomba lolote. Karo lao la choo likijaa hufurika, na likifurika, Tutzor ndiyo inayokoga.

— Picha za angani ni hadithi za watoto, Redio akasema. Wanahesabu kokwa za tikiti. Wanatega wavu mwisho wa bomba msimu wa matikiti. Mtu hula tikiti, humeza kokwa mbili tatu, hazisagiki hata ufanyeje. Wanazihesabu, wanagawanya. Wametupata.

— Na asiyekula tikiti?

— Katika bonde hili la Ferghana? Huyo si mtu, asihesabiwe.

— Nyinyi hamjui serikali, Waziri akasema kwa sauti ya chini, akageuka kushoto na kulia. Wanatuma watu kwenye harusi. Harusi moja, andika mtoto mmoja baada ya miezi tisa, andika nyumba mpya baada ya miaka ishirini. Yule mnene aliyekula sahani tatu za pilau harusini kwa Turgun, nani alimwalika?

Redio akaanza kuhesabu wageni kwa vidole.

— Upande wa bibi harusi, Zokir akasema, lakini kwa mashaka.

— Upande wa bibi harusi walisema ni wa kwenu. Yule ni shirika la majitaka, bwana! Haba na haba hujaza kibaba.

— Kibaba gani, umejaza chemba, Redio akasema.

Hapo Waziri akaweka kibakuli chake chini. Sasa alikuwa hatanii.

— Nisikilizeni. Mtaa huu una nyumba kumi na moja zimefungwa kufuli. Mpya, rangi safi, zote za watoto wetu. Akija huyo mtu, sote tuseme neno moja: wapo njiani. Kila nyumba watu sita. Tusipodai nafasi yao kwenye bomba, watapewa wale wageni wa juu.

— Asiyekuwepo na lake halipo, Redio akadakia, akimwiga Waziri, mpachika methali popote panapobana.

Ergash, aliyekuwa hajatia neno tangu aketi, akamgeukia.

— Rudia.

— Nimesema methali tu, kaka.

— Sanjar wangu ni kitindamimba. Nyumba ya wazazi ni ya kitindamimba, hiyo si mimi niliyeipanga wala si wewe. Ndiye atakayenifumba macho. Nimemjengea kwa mikono hii, matofali nimefyatua mwenyewe, choo cha ndani, maji ya moto, geti la bluu. Leo uniambie lake halipo?

— Jamani Baadaye, mbona unawaka? Anarudi lini kwani?

Jibu lilimfika Ergash hadi kwenye meno, lile la theluji. Safari hii halikutoka. Akachukua zabibu moja, akaitazama, akairudisha kwenye sahani.

Ndipo akatokea mwanamke wa miaka thelathini na kitu, buti zina tope, kitambaa kimefungwa kisogoni, faili kwapani. Aliruka lile tope la chemba bila kuangalia chini, kama mtu anayelifahamu.

— Asalaam aleikum, wazee wangu. Mimi Nodira, wa majitaka.

— Tulikuwa tunamngoja mhandisi, Waziri akasema.

— Amefika, baba. Ndiye mimi.

Zokir akamjazia chai hadi ukingoni. Kwao chai kidogo ndiyo heshima, maana ukipewa kidogo utaomba tena na utakaa. Ukijaziwa kibakuli kikafura, ujue umeonyeshwa njia. Nodira alikiona, akakielewa, akakinywa chote mpaka tone la mwisho, kisha akaketi mwisho wa benchi.

— Chai nzuri. Niwaulize mnavyoelewa, au niwaeleze kwanza?

— Tunaelewa, Redio akasema. Kokwa za tikiti.

— Kokwa za nini?

— Endelea, binti, Ergash akasema.

Akafungua faili. Hakukuwa na siri ya angani wala ya harusini. Watu waliopo leo, akasema, tunawajua. Wanaozaliwa tunawakadiria. Maghorofa yanayojengwa tunayaona kwenye vibali kabla hata ya tofali la kwanza. Halafu unapima barabara: kushoto bomba la gesi, kulia mfereji wa kumwagilia, katikati linapita bomba la upana huu, si zaidi. Akaonyesha kwa mikono.

— Kwa hiyo nafasi ni hiyohiyo, nami naigawa. Maghorofa yale mawili yana familia mia moja na arobaini. Nikiwaunganisha mwaka huu, chemba hii itanyamaza. Lakini hapa kwenye ramani nina nyumba kumi na moja zilizofungwa. Nikiziwekea nafasi, wale wa juu watangoja bomba jingine. Miaka mitano, labda saba.

— Ziwekee! Waziri akasema. Sita sita kila nyumba. Wako njiani.

— Sawa, baba. Ila kuna kitu sikielewi.

Akapitisha kidole kwenye karatasi.

— Kwa mfano, namba kumi na saba, geti la bluu. Kufuli miaka sita. Lakini kipimo chetu cha majitaka yanayotoka kinasogea. Kidogo sana, ndoo moja kwa wiki, haikosi. Kuna bomba linavuja?

— Jini, Redio akanong'ona.

— Mwizi wa maji, Zokir akasema.

Ergash akavua kofia yake, akaiweka gotini. Masikio yalikuwa yamewaka moto. Miaka yote hiyo alikuwa akiingia kwenye lile geti mapema, kabla watu hawajatoka, ili asionekane na mtu.

— Ni mimi, akasema. Kwenye tundu la choo na la sinki kuna maji yanakaa kwenye kona ya bomba. Hayo ndiyo yanazuia harufu. Pasipotumika yanakauka, na harufu ya mtaa mzima inapanda ndani. Mapazia mapya yale, magodoro bado yana nailoni. Mtoto afike usiku na wanawe, amechoka na safari, akute nyumba ya baba yake inanuka? Ndiyo nakwenda na ndoo, namwaga kidogo huku, kidogo huku. Kila Jumanne.

Waziri alikuwa anatazama vidole vyake.

— Mimi Jumatano, akasema hatimaye, na sauti haikuwa ya ofisini tena.

— Unasema?

— Humwaga Jumatano. Ghorofa ya juu, kwa Akmal wangu.

— Mke wangu ndiye humwaga kwetu, Redio akasema. Akasukuma kibakuli kando. Uongo. Namwaga mwenyewe.

— Nyie maji tu, Zokir akasema akiwapa mgongo, akishughulika na makaa yasiyohitaji kushughulikiwa. Binti yangu yuko Korea. Mimi nawasha na taa.

Wakakaa hivyo, wanaume wanne wazima waliokunywa chai pamoja kila siku ya Mungu, na kila mmoja alikuwa anamficha mwenzake ndoo.

Nodira hakuandika chochote. Aliwatazama mmoja mmoja, kalamu imesimama, kisha akauliza taratibu kabisa, wala hakuwa na nia ya kumchoma mtu:

— Wazee wangu. Watarudi?

Trekta lenye matela ya pamba lilipita, likaenda, likapotea. Waziri akafungua kinywa: “Mwenda tezi na omo…” na kwa mara ya kwanza methali yake ilikuwa imepata mahali pake, naye ndipo akashindwa kuimalizia. Zokir aliinua birika kumwaga chai, birika likawa tupu.

Ergash akairudisha kofia kichwani.

— Hao maghorofani, wana watoto?

— Wengi, baba. Ghorofa ya nne kuna mapacha wa miezi miwili. Mama yao hubeba maji machafu kwa ndoo, anashuka nayo ngazi hadi chini.

— Namba kumi na tano ni kwangu. Andika wawili, mimi na mke wangu. Namba kumi na saba… Andika hakuna mtu.

— Kaka! Waziri akashtuka.

— Baba, una uhakika? Nafasi ikishagawiwa, simnyang'anyi mtu tena. Mwanao akirudi, atangoja.

— Mkubwa anaweza kungoja. Mtoto wa miezi miwili hawezi. Waunganishe.

Nodira akaandika. Waziri akageukia upande wa barabara akapangusa macho kwa mkono wa koti, akasingizia moshi wa makaa. Wengine watatu hawakusema namba zao siku hiyo; walimwomba aje kesho. Zokir akachemsha birika jingine, na alipomletea Nodira kibakuli, chai ilikuwa kidogo mno, haikufunika hata ua lililochorwa ndani.

Ergash hakuingojea chai hiyo. Alirudi nyumbani, akapita juu ya matofali. Hosiyat alikuwa amejiinamia tanurini, anabandika mikate ukutani mwake, uso mwekundu kwa joto.

— Umeandikisha watu wangapi? akauliza bila kugeuka.

— Wawili.

Akabandika mkate. Akabandika na mwingine. Ergash akaona afadhali aseme yote hapohapo.

— Sanjar alipiga Ijumaa. Mtoto ameanza shule kule.

— Najua. Mimi alinipigia Alhamisi.

— Na hukuniambia?

— Nilikuwa nangoja wewe uniambie.

Akanawa unga mikononi. Akachukua ndoo iliyokuwa imefunikwa kando ya mlango, akaijaza bombani hadi nusu, akautoa ufunguo wa geti la bluu kwenye fundo la kitambaa chake.

— Unakwenda wapi, mama Sanjar? Nimekwambia nimeandikisha hakuna mtu.

— Nimesikia, Hosiyat akasema. Leo Jumanne.

Ndoo ilikuwa nzito kwa umri wake. Ergash akamfuata, akashika mkono wa ndoo upande wa pili, wakatoka nayo barabarani mbele ya kijiwe kizima, bila kujificha.